Kilima cha Panda na Mto Usiofika Baharini

Basi likishaiacha Mbalizi na kuupa kisogo mji wa Mbeya, abiria wengi husinzia au huinamia simu zao. Barabara inashuka kuelekea bonde la Songwe, malori yanapishana, breki zao zikilia, na pembeni kimekaa kilima ambacho hakuna kondakta anayekitangaza. Kinaitwa Panda. Hakina urefu wa kujivunia mbele ya milima ya Mbeya na Rungwe. Kimevaa nyasi na vichaka, na miguuni pake lipo gereza la Songwe pamoja na mashamba yake. Hata hivyo jiwe lililomo tumboni mwake linajulikana kwa wanajiolojia wa dunia tangu miaka ya 1950, na mpaka leo hakuna mgodi. Kila nikikifikiria kilima hiki, mawazo yangu huenda kwanza kwenye yale malori. Mengi yao yamebeba shaba: vipande bapa vyekundu vilivyofungwa kwa mikanda ya chuma, kutoka Zambia na Katanga, vikienda bandari ya Dar es Salaam. Reli ya TAZARA nayo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipitishwa nchi hii kwa ajili ya shaba hiyo hiyo. Kwa nusu karne kilima chenye madini yake kimekaa kando ya njia, madini ya majirani yakipita mbele yake usiku na mchana.

Jiwe la Panda lina uzao wa ajabu. Tumezoea kuambiwa kwamba volkano hutema mawe meusi, na kwamba mawe ya chokaa ni kazi ya bahari: makombe na matumbawe yaliyolala majini hadi yakagandamana, ndiyo hayo waliyojengea mababu wa Kilwa na Lamu. Ipo lakini chokaa iliyozaliwa na moto. Kilomita nyingi chini ya nyayo zetu, mahali ambapo hakuna mtu atakayefika, sehemu ndogo sana ya mwamba huyeyuka na kutoa kimiminiko chenye kaboni nyingi. Kimiminiko hicho ni chepesi na hakitulii. Hutafuta ufa, na Afrika yetu ya Mashariki haijapungukiwa nyufa. Kikipata njia hupanda, na kikipoa kabla hakijatokeza juu huwa mwamba ambao zaidi ya nusu yake ni kabonati. Wanajiolojia huuita kabonatiti. Anayetaka kuona kazi hii ikitendeka leo aende kaskazini, Ol Doinyo Lengai, mlima ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Ndiyo volkano hai pekee duniani inayotema lava ya ukoo huo. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, kama nusu tu ya joto la lava nyingine. Inatoka nyeusi, inatiririka haraka, kisha inafyonza unyevu wa hewa na kugeuka nyeupe.

Lengai bado unasema. Panda ilinyamaza zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, katika enzi ya dinosaria, na miamba iliyoipasua ili ipite ilikuwa tayari mizee, ina karibu miaka bilioni 2. Kaskazini, kule mto Songwe unakoelekea, katika mashapo mekundu ya Galula, watafiti wamechimbua mifupa ya wanyama wa enzi hiyo: Pakasuchus, mamba mdogo mwenye meno ya kutafuna mithili ya mamalia, aliyetangazwa mwaka 2010, Rukwatitan, dinosaria mkubwa mla majani, mwaka 2014, na mwaka 2017 Shingopana songwensis, aliyepewa jina la Kiswahili pamoja na jina la mto huu. Najaribu kulifikiria bonde hili bila barabara, bila mahindi, bila sisi. Kilima tunachokiona sasa ni shina lililobaki, kizibo chenye upana wa kilomita moja na nusu hivi. Kilichokuwa juu yake kiliondoka na mvua, chembe kwa chembe, msimu kwa msimu. Bandu bandu huisha gogo, na hapa aliyebandua alikuwa maji peke yake, akiwa na wakati wote wa dunia. Kama maji yasingefanya kazi hiyo, tusingejua kamwe kilichofichwa ndani.

Na kilichofichwa hakionekani kwa macho matupu ya mpita njia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha Panda sharti ainame hadi jicho lifike kwenye kioo cha hadubini. Humo ndani ya kalsiti nyeupe zimetawanyika punje ndogo za pirokloro, zenye nyuso nane, rangi yake ikianzia hudhurungi na kuishia nyeusi. Katika pirokloro ndimo ilimo niobi, chuma cha kijivu chenye kung'aa. Tani moja ya mwamba wa Panda, kwa wastani, ina kilo 5 hivi za oksidi ya niobi. Zinazobaki zote ni jiwe la kuwekwa kando. Mtu anaweza kuuliza kama kilo 5 zinastahili kusagia tani nzima. Jibu liko katika namna niobi inavyotumika. Haitengenezwi sufuria wala jembe. Hutiwa katika chuma cha pua kama chumvi katika mchuzi: gramu 200 hadi 500 tu kwa tani moja, na chuma kile kinakuwa kigumu zaidi bila kuwa chepesi kuvunjika. Hivyo daraja linajengwa kwa chuma kidogo zaidi, bomba la gesi linastahimili msukumo mkubwa kwa ukuta mwembamba, na gari linapungua uzito. Mtu anaweza kuishi miaka 80 akisaidiwa na niobi kila siku na asiwahi kulisikia jina lake. Ndugu zetu wa Kivu wanaifahamu kwa mlango mwingine, kwa kuwa ile koltani inayochimbwa kwa chepeo na jasho huko kwao ni mchanganyiko wa tantali na niobi. Ila tantali ndiyo inayotafutwa na watengenezaji wa simu, na niobi huandamana nayo.

Si mbali na Panda, upande wa Mbozi, mahali paitwapo Ndolezi, kimelala kipande kingine cha chuma chenye historia iliyo kinyume kabisa. Ni kimondo cha Mbozi, pande la chuma na nikeli lenye uzito unaozidi tani 10, lililoanguka kutoka angani zama ambazo hakuna simulizi inayozikumbuka. Wageni waliandika habari zake mwaka 1930. Wenyeji walikuwa nacho siku zote. Naona jambo kubwa katika ujirani huu. Kimoja kilishuka kutoka juu kikiwa tayari chuma, karibu asilimia 90, kikakaa wazi ardhini. Kingine kilipanda kutoka chini kikiwa kimeyeyuka ndani ya jiwe jeupe, kikajificha kwa punje. Na katikati ya viwili hivi waliishi watu walioijua kazi ya chuma. Wanyiha wa Mbozi, na Wafipa ng'ambo ya Rukwa, walijenga tanuri ndefu za udongo, zikapuliziwa na upepo wenyewe bila mivukuto, na kutokana na udongo mwekundu wa kwao wakapata majembe na mikuki. Fundi wa tanuri hakuanza kazi bila miiko na dawa. Aliijua ardhi kuwa ni mwenye mali anayepaswa kuombwa. Sisemi turudi kwenye dawa za tanuri. Nasema walikuwa na swali walilouliza kabla ya kuwasha moto, na swali hilo sisi hatujapata la kuweka mahali pake.

Kwa Panda watu wamekuja na kuondoka. Mwaka 1955 wanajiolojia wawili, Fawley na James, waliuandika mwamba huu katika jarida la kimataifa la taaluma yao. Katika miaka iliyofuata kampuni moja ilichoronga, ikachimba mashimo ya majaribio, ikaondoka. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikuja wataalamu wa Yugoslavia. Nchi yao imekwisha kufutika katika ramani, na kilima kipo. Baada ya 2010 ikaja mitambo mipya ya uchorongaji, sampuli zikapangwa katika masanduku, na mwaka 2016 ukakamilika upembuzi mkubwa wa kuonyesha namna mgodi ungeweza kujengwa. Mpango huo ulikutana na gereza lililo mguuni mwa kilima, ambalo lingepaswa kuhamishwa, na kila mpango ulikutana pia na soko. Soko la niobi ni chumba chenye viti vichache. Dunia karibu yote hulishwa na migodi mitatu: miwili ya Brazil, wa Araxá na wa Catalão, na mmoja wa Kanada. Brazil peke yake hutoa kama asilimia 90. Kule Araxá jua na mvua za tropiki zimeshaosha chokaa na kuacha pirokloro imejikusanya, kiasi kwamba mbale yao ina oksidi zaidi ya asilimia 2, mara nne na zaidi ya ile ya kwetu. Si mchezo kushindana nao. Ndiyo maana napenda kulisema wazi jambo ambalo wengi huliona ni aibu: Panda haikukaa bila mgodi kwa sababu ya uvivu wa Mtanzania. Imekaa kwa sababu asili iliigawia kidogo, na kwa sababu mwenye nacho kingi alishafika sokoni.

Sasa tuushuke mto, maana ndiko fikra zangu zote juu ya kilima hiki zinakoishia. Iko mito miwili yenye jina la Songwe, na yote hupata maji yake katika nyanda zile zile za juu za kusini magharibi. Mmoja huelekea kusini mashariki, unakuwa mpaka wetu na Malawi, unaingia ziwa Nyasa; na maji ya Nyasa hutoka kwa mto Shire, yakajiunga na Zambezi, yakafika Bahari ya Hindi. Mvua iliyonyesha Ileje, katika bonde la mto huo, inaweza, kwa subira, kuonja chumvi ya bahari. Songwe wa pili, huu unaopita bonde la Panda, hugeuka kaskazini na kuingia ziwa Rukwa. Na Rukwa halina mlango wa kutokea. Ni ziwa la kina kifupi chini ya kuta za Bonde la Ufa, hupanuka miaka ya mvua na kusinyaa miaka ya ukame. Maji huliaga kwa njia moja tu, kupanda hewani kwa jua, na yakipanda huacha nyuma kila yalichokuja nacho. Chumvi hubaki. Tope hubaki. Miwili hiyo, mto uendao baharini na mto ufungwao bondeni, imetenganishwa na kipande kidogo cha nchi, na mtu aliyesimama juu ya mgongo wa milima hawezi kujua kwa kutazama tone lipi litapata uhuru na lipi halitapata.

Ukingoni mwa Songwe huu maji ya moto hutoka ardhini yakiwa na chokaa iliyoyeyuka, nayo kwa maelfu ya miaka yameijenga upya: ngazi nyeupe za mawe laini, mapango ambamo popo wamefanya maskani. Kiwanda cha saruji kipo bondeni humo humo. Chokaa ya moto ilipanda mara moja na kufa katika Panda; chokaa ya maji bado inazaliwa. James yule wa mwaka 1955 alizishughulikia pia chemchemi za maji moto za Tanzania, akachapisha habari zake mwaka 1967. Kisha mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, wakatangaza kwamba bonde la Rukwa lina gesi ya heli kwa kiasi kinachostahili kutafutwa. Heli hiyo ni zao la uzee: urani na thori zilizomo katika miamba ya kale huoza polepole mno, na katika kuoza huachilia chembe za heli, zikakaa zimefungwa kwa miaka isiyohesabika mpaka joto la Bonde la Ufa likazifungulia.

Hapa ndipo mahali ambapo siwezi kupita haraka. Mgonjwa anayelazwa ndani ya mashine ya MRI, akaambiwa atulie na asitikisike wakati mlio unagonga pande zote, amezungukwa na nyaya za niobi iliyochanganywa na titani. Nyaya hizo, ili zipitishe umeme bila kuupinga hata kidogo na kuzaa sumaku yenye nguvu za kutosha, huzamishwa katika heli iliyo kimiminiko, nyuzi kama 269 chini ya sifuri. Pasipo niobi hakuna waya. Pasipo heli hakuna baridi. Na vitu hivi viwili, kimoja cha moto uliopoa na kingine cha uzee wa mawe, vimekutana katika bonde moja la Songwe na Rukwa, mikononi mwa watu ambao wengi wao wakipewa karatasi ya kwenda kupigwa picha ya MRI wanapaswa kuuza ng'ombe na kusafiri mbali. Sijui namna ya kuliandika hili bila moyo kuuma. Ardhi imeweka pamoja vilivyo mbali; sisi bado hatujaweza kumfikisha mama wa Galula kwenye mashine inayotegemea vitu kama vilivyo chini ya bonde lake.

Kwa hiyo siwezi kuwa upande wa wanaosema kilima kiachwe milele kwa kuwa ni kizuri. Vijana wa bondeni wanaendesha bodaboda wakisubiri ajira ambayo walisikia habari zake tangu wako shule ya msingi. Mbeya yenyewe ilikua kutokana na dhahabu ya Lupa, kule Chunya, na hakuna anayeishi mjini humo anayeweza kuikana asili hiyo. Lakini Chunya hiyo hiyo inatuonyesha upande wa pili: makarasha yakisaga, zebaki ikishikwa kwa mikono mitupu, marudio ya mawe yaliyosagwa yakirundikwa karibu na vijito ambavyo mvua za masika huvijaza. Panda haitahitaji zebaki. Itahitaji kusaga mamilioni ya tani ili kupata kilo 5 kwa kila tani, na unga wa mwamba uliobaki utahitaji bwawa la tope sumu, kwa sababu pirokloro hubeba pia urani na thori kidogo ndani yake. Kidogo, ndiyo. Ila kidogo kinachokwenda baharini kina hatima yake, na kidogo kinachokwenda Rukwa kina hatima nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki, na yakimwagika katika ziwa lisilo na mlango hayaondoki pia.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mbali na sampuli na majaribio, niobi ya Panda haijapungua tangu 1955. Haikuliwa na mchwa, haikupandishwa riba. Miaka yote ambayo ilihesabiwa kuwa imepotea, kilima kilikuwa kinafanya kazi zake: mvua ilizama katika mwamba wake na kutoka chini kuulisha mto, mizizi ilishika udongo, mifugo ilipata majani. Naheshimu kungoja kwa namna hii kuliko ninavyoheshimu pupa ya kuvunja jiwe ili kuuza kabla ya kujua bei. Bei ya niobi itapanda na kushuka tena, na wataalamu wengine watakuja na masanduku mapya ya sampuli. Hilo halina shaka. Wakija, mazungumzo yataanza kwenye ukumbi wa mjini, kutakuwa na ramani ukutani, na ramani hizo zitaishia pale leseni inapoishia.

Ombi langu kwa watakaoketi katika mazungumzo hayo ni hili. Kikao cha kwanza kisifanyike Mbeya wala Dar es Salaam. Kifanyike ufukweni mwa Rukwa, mbele ya wavuvi wanaoanika samaki wao, na aje mtu wa mgodi awaeleze kwa Kiswahili kilichonyooka bwawa la tope litajengwa wapi, litasimamiwa na nani mgodi ukishafungwa, na mto wao utapimwa mara ngapi, tena na nani. Wavuvi waulize mpaka watosheke, na majibu yaandikwe na kusainiwa hapo hapo. Baada ya hapo ndipo kilima kiguswe.